Gari mpya au used? Mpangilio wangu, na jinsi ya kubanana na muuzaji

Watu wanabishana sana mpya na used, ila cha kujiuliza ni nani atabeba ile hasara ya mwanzo, maana gari mpya mwaka wa kwanza tu inaweza kupoteza kama asilimia 20 ya thamani yake.

Kwangu namba moja ni ya miaka 3 mpaka 5, mmiliki mmoja, ina rekodi za servisi. Hasara kubwa ameshaila mwenzio na injini bado ina maisha. Ila odometa, kile kipimo cha kilomita kwenye dashibodi, usiiamini, inarudishwa nyuma hiyo. Angalia raba ya pedali ya breki, kama imelika mpaka imekuwa laini alafu dashibodi inasema kilomita elfu 30, hapo unadanganywa. Chungulia na ubavu wa tairi, kuna mstari wa herufi na namba, soma namba nne za mwisho, mfano 2321 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2021, sasa gari unaambiwa haijatembea halafu tairi zote ni mpya kuliko gari yenyewe, uliza zile za mwanzo ziliishaje mapema hivyo. Na waambie wasiiwashe kabla hujafika, injini ikiwa ya baridi ndo inasema ukweli, ukiona moshi wa bluu ujue inakula oili. Nenda na fundi wako, sio anayeletwa na muuzaji.

Namba mbili, mpya kabisa, kama utakaa nayo miaka 10 hivi. Una waranti na historia yote ni yako.

Namba tatu, iliyozidi miaka 10, iwe tu una fundi wa kuaminika na umetenga hela ya spea. Ya mwisho kabisa ni used ya mwaka mmoja inayouzwa karibu na bei ya mpya, hiyo mi siielewi kabisa.

Sasa kwenye bei. Muuzaji atakuuliza unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, usimjibu tafadhali, maana atarefusha miezi uone rejesho dogo kumbe jumla imepaa. Malizaneni kwanza bei ya gari pamoja na ada zote, iandikwe, mkopo mje kuuongelea baadaye, na kama unatoa gari yako ya zamani uongeze hela usiitaje mpaka hapo. Taja bei yako kisha nyamaza, acha yeye ndo aongee. Akikwambia ofa inaisha leo, mwachie namba ya simu uondoke, mara nyingi kesho anapiga.