Katuni za kale za vijana na mahaba: uanze na zipi, na zipi zisubiri

Majarida ya katuni za mapenzi na vichekesho vya vijana yaliyochapwa Marekani kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1970 yalisomwa mpaka yakachakaa. Wasomaji waliazimana, wakakata kuponi, wakaandika majina yao juu ya jalada, na mwisho yakaishia jalalani. Waliokuwa wakitunza katuni zama zile walitunza zaidi za mashujaa wenye nguvu za ajabu waliojifunika uso. Ndiyo maana nakala safi kabisa za mahaba ni adimu, na ndiyo maana anayeanza tunamwambia jambo moja kabla ya yote: lipia ukamilifu wa nakala, usilipie mng'ao wa jalada.

Wauzaji hupima hali ya jarida kwa gredi za 0.5 hadi 10. Tafuta 4.0 mpaka 6.0. Jalada litakuwa na mikunjo na pembe zilizolegea, lakini kurasa zote zipo na unaweza kulifungua ukasoma bila hofu. Ukivuka 8.0, bei hupaa huku hadithi ikibaki ileile. Mpangilio ufuatao unafuata kigezo hicho: raha unayopata kwa kila dola, na urahisi wa kupata nakala kamili.

Ya kwanza: Archie za senti 12

Bei iliyochapwa juu ya jalada ndiyo kalenda ya haraka ya mkusanyaji. Majarida mengi ya Marekani yaliuzwa senti 10 hadi karibu 1962, senti 12 hadi 1969, kisha senti 15. Archie, yaani majarida ya vichekesho kuhusu kijana Archie na wenzake, za kipindi hicho cha kati ndizo tunazoziweka juu, hasa Archie's Girls Betty and Veronica, lililoanza 1950 na kufikia toleo la 347 mwaka 1987. Mchoraji wake mkuu, Dan DeCarlo, alikuwa ameshapevuka kwenye Millie the Model la kampuni ya Marvel, na mkono wake unajulikana mara moja: mistari safi, nguo za mtindo wa mwaka uleule, na nyuso zinazochekesha kabla hujasoma maneno. Hadithi ni fupi na kila moja inajitosheleza, kwa hiyo huhitaji kufuata mfululizo. Nunua toleo lolote kamili utakaloliona.

Kinachopandisha bei hapa ni mhusika kutokea kwa mara ya kwanza. Sabrina, msichana mchawi, alianza katika Archie's Madhouse namba 22 ya Oktoba 1962, na Josie alipata jarida lake 1963, likageuka Josie and the Pussycats kwenye namba 45 ya Desemba 1969. Televisheni imezifanya namba hizi kuwa ghali. Ziruke kwa sasa, uchukue matoleo ya karibu nazo: michoro ni ya kiwango kilekile, bei ni ya kawaida.

Ya pili: Thirteen Going on Eighteen

Kampuni ya Dell ilianza kulitoa jarida hili mwishoni mwa 1961. Mwandishi ni John Stanley, ambaye pia ndiye aliyelichora karibu lote, na kwetu hakuna jarida la vichekesho vya vijana lililoandikwa vizuri kuliko hili. Wasichana wawili, Val na Judy, wanagombana, wanapatana, wanalia chumbani kwa ajili ya mvulana asiye na habari nao. Mfululizo ni mfupi, matoleo 29, kwa hiyo kuukamilisha kunawezekana. Yale manne ya mwisho yanarudia hadithi za awali. Usiyalipie bei ya mengine.

Ya tatu: mahaba ya DC na Marvel

Kampuni ya DC ilinunua Young Romance na Young Love mwaka 1963 na kuyaendeleza hadi 1975 na 1977. Ongeza Girls' Love Stories, Falling in Love, Heart Throbs na Secret Hearts. Picha za msichana mwenye chozi zilizoingia majumba ya sanaa zilitoka humu: Drowning Girl ya msanii Roy Lichtenstein, ya 1963, imetokana na mchoro wa Tony Abruzzo katika Secret Hearts namba 83. Marvel ilirudi kwenye mahaba 1969 na My Love pamoja na Our Love Story, yote mawili yakaisha 1976. Chukua matoleo ya miaka miwili ya mwanzo, yenye michoro mipya ya John Buscema na John Romita. Ya baadaye yamejaa hadithi za kurudiwa. Our Love Story namba 5 ina hadithi ya mchoraji Jim Steranko, na wauzaji wanalijua hilo.

Ya nne: Charlton

Ndiyo rahisi kuliko zote. Kampuni hii ya Derby, Connecticut, ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na uchapaji wenyewe ulikuwa hafifu: rangi zimehama kwenye mistari, kurasa zimekatwa upande. Usihesabu kasoro hizo kama uharibifu, zilitoka nazo kiwandani. I Love You, Just Married na Career Girl Romances zinafaa kwa mtu anayetaka kujaza sanduku haraka na kujifunza kutambua gredi kwa mikono yake.

Zisubiri

Mahaba ya kabla ya 1955 ni mazuri mno, ila si ya kuanzia. Joe Simon na Jack Kirby ndio walioanzisha aina hii kwa Young Romance ya Septemba 1947. Matt Baker, mchoraji mweusi aliyefariki 1959, alichora majalada ya Teen-Age Romances ya kampuni ya St. John ambayo leo yanagombewa kwa mamia na maelfu ya dola. Negro Romance la kampuni ya Fawcett, lenye mapenzi ya vijana weusi yasiyo na dhihaka hata chembe, lilitoka mara 3 tu mwaka 1950, nalo linastahili kujulikana na kila msomaji wetu hata kama hataligusa.

Ukiingia huku, jihadhari na tangazo linalosema "kabla ya Comics Code". Muhuri wa Code, yaani kanuni za maadili ambazo wachapishaji walijiwekea, ulianza kuonekana majaladani mapema 1955, lakini Dell hawakuwahi kuutumia. Kukosekana kwa muhuri peke yake si ushahidi. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya ukurasa wa kwanza au ndani ya jalada la mbele: mwaka na mchapishaji viko hapo. Hapo hapo utagundua matoleo ya wachapishaji I.W. na Super ya kuanzia 1958, yaliyochapa upya hadithi za zamani na yenye thamani ndogo zaidi.

Katy Keene la Bill Woggon tumeliweka chini kwa sababu moja. Kurasa zake zilikuwa na wanasesere wa karatasi na nguo za kukata, na wasomaji walikata kweli. Omba picha ya kila ukurasa. Kuhusu Archie za mwanzo kabisa, yaani Pep Comics namba 22 ya Desemba 1941 na Archie Comics namba 1, hizo ni za minada mikubwa: nakala moja ya Archie namba 1 iliuzwa kwa zaidi ya dola 160,000 mwaka 2011.

Kukagua kabla ya kulipa

Jarida la kawaida la kuanzia katikati ya miaka ya 1950 lina kurasa 32 bila jalada, yaani karatasi 8 zilizokunjwa katikati. Hesabu. Karatasi ya katikati ndiyo hutangulia kupotea, kwa sababu hung'oka kwenye pini bila kuacha alama nje, na hadithi hukatika ghafla baada ya ukurasa wa 14. Kuponi iliyokatwa huondoka na picha za hadithi zilizo nyuma yake, na gredi hushuka vibaya hata jalada likiwa zuri.

Angalia pini. Kutu kidogo inavumilika. Kutu iliyokula karatasi mpaka jalada likaachia ni sababu ya kupunguza bei. Kagua kingo tatu zilizo wazi: zikiwa zimenyooka kupita kiasi na jarida ni jembamba kuliko wenzake, huenda limepunguzwa kwa mashine ili kuficha sehemu zilizochakaa. Selotepu kwenye mgongo huacha gundi ya kahawia isiyotoka. Tena, kurasa za njano hazina neno, ila zinazomeguka ukingoni kama chapati kavu hazitapona. Asidi ya karatasi ndiyo inayozila.

Muulize muuzaji maswali manne kwa maandishi: kurasa zote zipo? Kuna kilichokatwa? Kuna tepu, gundi au rangi iliyopakwa? Karatasi bado inakunjika? Muuzaji anayejua kazi hujibu bila kukasirika.

Usafirishaji na kutunza

Jarida likiwa kwenye mfuko wa plastiki na ubao wake wa kadibodi hukaribia gramu 100, kwa hiyo 10 ni kama kilo moja. Kwa aliyeko Afrika Mashariki ni nafuu kukusanya kwa ndugu aliyeko Marekani kisha kutuma mzigo mmoja. Yafungwe kati ya makadibodi mawili magumu yanayozidi jarida kila upande, tepu isiguse mfuko.

Mifuko ya mailari, plastiki angavu na imara, hudumu kwa miaka mingi. Ya polipropilini, plastiki laini zaidi, ni rahisi lakini ibadilishwe kila baada ya miaka michache. Ubao uwe usio na asidi. Yasimamishe wima sandukuni, yasilale kwa rundo. Adui mkubwa wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ni unyevu: lenga asilimia 40 hadi 50, tumia vipakiti vya kukausha, na uvibadilishe vinapojaa maji. Sanduku likae juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje, mahali ambapo mchwa na mende huwaoni. Jarida lililofika likiwa na harufu ya kuvu litenge kwenye hewa kavu kabla ya kuliweka na mengine.