TAHADHARI: Ubao feki wa Viscaria unauzwa mtandaoni. Usibandike raba kabla hujaupima

Wachezaji wa mpira wa meza, na hasa ninyi wazazi mnaowanunulia watoto vifaa, nawaomba msome hili kabla hamjamtumia hela mtu anayeuza ubao wa Viscaria wa kampuni ya Butterfly kwa bei ya kutupa. Ubao ni ile sehemu ya mbao ya raketi, ambayo raba hubandikwa juu yake.

Tumepigwa shilingi 260,000. Hela yenyewe si yangu, ni ya mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye binti yake wa miaka 15 tunamfundisha hapa Dar. Mimi ndiye niliyemwambia mama huyo anunue. Aliniamini, akatoa.

Binti alikuwa anachezea ubao wa mbao tupu wa tabaka tano, na mkono wake ulishaanza kudai kitu chenye kasi zaidi. Viscaria tuliichagua kwa sababu inajulikana: ilitoka mara ya kwanza 1993, na Mchina Zhang Jike aliichezea alipochukua dhahabu ya Olimpiki ya London 2012. Ina tabaka tano za mbao na mbili za nyuzi za ALC, yaani kaboni iliyofumwa pamoja na nyuzi nyingine ziitwazo arileti. Kaboni inaupa mpira kasi, arileti inatuliza mtetemo, na mchezaji anauhisi mpira mkononi.

Ukurasa mmoja wa Instagram uliweka picha nzuri, boksi na kila kitu, na maneno "original, umebaki mmoja". Nje ya nchi ubao huu unazidi dola 150 kabla hujalipa usafiri na ushuru, kwa hiyo bei ile ilinishtua. Nikapiga simu. Muuzaji aliongea kwa upole, akasema ndugu yake aliyeko Dubai anampatia kwa bei ya jumla. Nikakubali. Hela ikaenda kwa simu, kesho yake jioni bodaboda akaleta mzigo.

Hapa ndipo kosa lilipofanyika. Binti alikuwa na raba mpya mbili zinasubiri, na hamu ilikuwa imempanda. Tukaufungua ubao, tukapaka gundi, tukabandika usiku uleule.

Siku ya kwanza nilidhani ni ugeni wa kifaa. Mpira ukigonga katikati unaruka kama umepigwa na jiwe, ukigonga sentimita mbili pembeni unakufa. Mpini unatetemeka mpaka kwenye kiganja. Akizuia, mpira unatoka nje ya meza. Akizungusha toka chini, unaishia kwenye nyavu. Nikamwambia avumilie, atauzoea. Wiki mbili nzima mtoto alijilazimisha, akaanza kunyanyua kiwiko na kuvuta bega ili mpira uvuke. Mkono uliochukua mwaka mzima kunyooka ukaanza kupinda mbele ya macho yangu. Hilo linaniuma kuliko hela.

Mwenzetu mmoja mwenye Viscaria aliyoinunua dukani Ujerumani alikuja Jumamosi, akapiga mipira kumi tu, akaweka raketi mezani. Akasema, "Kaka, hii sio."

Tukabandua raba. Gundi ya maji kwa kawaida inatoka vizuri ukivuta polepole. Safari hii sponji ilitoka na vibanzi vya mbao, tabaka la juu likachanika kama ganda la muhindi. Tukaupeleka ubao kwa sonara Kariakoo, mizani yake ikasoma gramu 98. Viscaria halisi wastani wake ni gramu 86. Zinatofautiana kidogo moja na nyingine, lakini si kwa pengo la namna hiyo. Fundi wa kuchonga vyuma akatupimia unene: milimita 6.7. Kiwanda kinasema 5.8. Tulipoziweka mbili ubavu kwa ubavu, ya mwenzetu ilionyesha mistari miwili myembamba ya nyuzi, imenyooka mpaka mwisho. Ya kwetu mstari ulikuwa mnene, umekatika karibu na mpini, na ukisugua na msasa kidogo rangi inatoka. Hata kile kibandiko cha jina kwenye mpini kilinyanyuka kwa ukucha.

Nilimwandikia muuzaji nikamtumia picha. Jibu lake: "Umeshabandika raba, bidhaa iliyotumika hairudishwi." Nikamweleza kuwa sisemi imeharibika, nasema si yenyewe. Akanibloku.

Huo ndio mtego wenyewe, na naamini anautegemea. Anajua mchezaji akipata ubao mpya hawezi kukaa nao mtupu hata siku moja. Ukishabandika, umempa sababu.

Kwa hiyo ukiletewa ubao, mwambie bodaboda asubiri. Upime uzito, mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inatosha. Ukague ubavu kwa mwanga wa jua, na kama kuna mtu klabuni mwenye ubao wa aina hiyo, linganisha. Muuzaji asiyekubali ukague kabla ya kulipa, achana naye, hata kama bei inakuvuta.

Raba zina afueni kidogo. Raba iliyoidhinishwa ina nembo ya ITTF, shirikisho la kimataifa la mpira wa meza, na namba yake, na orodha ya zilizoidhinishwa iko wazi kwenye tovuti ya ITTF, unaangalia mwenyewe. Mbao hazina orodha ya aina hiyo. Shirikisho halisajili ubao mmoja mmoja, sheria inataka tu angalau asilimia 85 ya unene iwe mbao ya asili, na kila tabaka la nyuzi lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo zaidi. Ndiyo maana wenye feki wanapenda mbao.

Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu limeshabadilika mara mbili tangu tununue. Ukilishika leo, kesho hulikuti. Mtambue kwa picha: boksi jekundu juu ya zulia la kijani, na maneno yaleyale "umebaki mmoja" kila wiki. Risiti ya muamala na meseji zote nimezihifadhi, na malalamiko tunayapeleka Tume ya Ushindani, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia.

Mama yake nimeshamrudishia nusu, nyingine namalizia mwisho wa mwezi. Binti amerudi kwenye ubao wake wa zamani na tunaurekebisha mkono taratibu. Ule feki ninao kwenye begi. Aliyenunua wa aina hii miezi ya karibuni na ana wasiwasi, aje nao Jumamosi asubuhi mazoezini kabla hajagusa gundi, tuupime pamoja.