Virginia na New Jersey: kura za mwaka wa witiri

Majimbo haya mawili ya Marekani huchagua wabunge wao miaka ya witiri, rais asipokuwa kwenye karatasi ya kura. Hapo ndipo yanapofanana.

Virginia haitulii. Baraza lake la Wawakilishi lina viti 100, na mwaka 2017 udhibiti wake ulifikia kwenye bakuli. Wagombea wa kiti cha 94 walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yakatiwa kwenye vikopo vya filamu za kamera, vikawekwa bakulini, kikachotwa kimoja: David Yancey wa Republican. Republican wakabaki na 51 kwa 49. (Bahati nasibu, jamani!) Kisha Democratic wakalitwaa 2019, wakalipoteza 2021, wakalirudisha 2023.

New Jersey ni bahari shwari: Democratic wanashika mabunge yote mawili tangu 2004. Hata 2021, dereva wa lori Edward Durr alipomng'oa rais wa Seneti ya jimbo, Steve Sweeney wa Democratic, chama hakikupoteza udhibiti.

Mpenda mchuano afuatilie Virginia. Mimi, usiku wa matokeo, ndiko ninakokodoa macho.