Madubwana wangu, tangu enzi za kaseti

Gemu ya madubwana naipima kwa jambo moja: ghorofa. Nikilipiga, linanipa nini? Kama linaporomoka tu kama trei tupu ya mayai, vumbi likatimka na mambo yakaishia hapo, basi picha zing'ae zinavyotaka, mimi simo.

Nilianza na Rampage kwenye mashine ya Kichina aliyoileta baba mdogo kutoka Kariakoo, yenye kaseti iliyoandikwa gemu 64, na ukizihesabu vizuri ni nane zinazojirudia. Wewe ni George, sokwe, au Lizzie, mjusi. Unaparamia ukuta, unatwanga madirisha, unatafuna watu waliomo ndani, na ghorofa likichoka linashuka na wewe usipowahi kuruka. Ukiishiwa nguvu unarudi kuwa binadamu, unajisitiri kwa mikono na kujiondokea kiubavuubavu kwa aibu. Mdogo wangu alikuwa anacheka mpaka anagaagaa. Mimi naangalia mlangoni kama mama hapiti. Ukubwani ndipo nikajua kuwa mashine ya awali, ile ya 1986 ya kutumbukiza sarafu, ilikuwa na dubwana wa tatu, Ralph, mbwamwitu, na ilichezwa na watu watatu. Kwenye kaseti walimkata.

Kisha ikaja War of the Monsters, ya mashine ya PlayStation 2 (PS2), 2003. Hapa naomba mnivumilie.

Tuliipata kwenye banda la gemu Temeke, CD imekwaruzika, kava lake hatukuwahi kuliona. Ukiiwasha tu unajikuta kwenye uwanja wa sinema ya magari, ile ya Marekani ya zamani ambayo watu wanatazama wakiwa ndani ya gari, na gemu nzima imevaa sura hiyo ya filamu za miaka ya 1950: visahani vya wageni kutoka anga za juu vimeanguka, mafuta yao yamevuja, na kilichoguswa kimekuwa dubwana. Mimi nilikuwa Togera, yule wa sura ya mjusi. Mdogo wangu alimchukua Preytor, vunjajungu mkubwa kama mnara, na sijamsamehe hadi leo.

Ghorofa la humo lina kazi. Unalipanda, unakaa juu, unamvizia mwenzio apite chini umrukie. Unaokota gari unamrushia. Unang'oa chuma kirefu unamchoma nacho, akabaki anahangaika kukichomoa huku wewe unatafuta kingine. Na mji wenyewe ni silaha: Tsunopolis inaweza kuletewa wimbi la bahari likasomba kila kitu, Club Caldera ina volkano. Tulijifunza kukimbilia juu kabla ya maji kufika, kama watoto wa pwani tunavyopaswa.

Ina kasoro. Kamera inapotea ukibanwa kwenye kona. Ukicheza peke yako, maadui wa kompyuta wanasahau ugomvi wao wakakugeukia wewe, wote. Kasoro nyingine ilikuwa ya banda: mwenye banda alilipisha kwa mechi. Mechi ya mpira ina mwisho wake. Madubwana wawili wanaoviziana nyuma ya majengo hawaishi leo. Alitufukuza mara mbili.

Godzilla: Save the Earth (2004) niliicheza kwenye PS2 hiyo hiyo. Nzuri kwa kumpata Godzilla mwenyewe na mionzi yake, lakini majengo yake ni mapambo tu. Ile Godzilla ya PS4 (2015) ilinivunja moyo zaidi kwa sababu ilianza vizuri: uzito wa hatua zake upo, na kadiri unavyobomoa ndivyo anavyorefuka, kuanzia mita 50. Sasa jaribu kumgeuza. Ni vitufe vya L1 na R1 vya juu ya pedi, pole pole, kama lori la trela linalotafuta njia ya kurudi kwenye kichochoro cha Manzese. Adui yuko nyuma yako, nawe bado unakata kona.

Iliyonirudisha ni GigaBash ya 2022, kazi ya Passion Republic Games wa Malaysia. Wachezaji wanne kwenye skrini moja isiyogawanywa vipande, wote wanaonekana, hakuna wa kulalamika kuchunguliwa. Kongkrete, sokwe wa zege, ndiye kipenzi cha binti yangu. Hadithi za kucheza peke yako ni fupi na zinahusu madubwana wanne tu, kwa hiyo kama huna watu wa kucheza nao, subiri punguzo la bei. Mwenye pedi nne na wageni, asisubiri.

War of the Monsters nayo ilirudishwa kwenye PS4 mwishoni mwa 2015, picha zimesafishwa kidogo, kamera kichwa ngumu vilevile. Nimeinunua. Mdogo wangu sasa yuko Mwanza, na gemu hii haina ya kucheza kwa mtandao. Amesema atakuja Idi, na Preytor ni wake. Nimeshaanza mazoezi ya kupanda ghorofa.