Good School Toolkit: nidhamu bila kiboko, ila usiharakishwe
Mfumo huu wa shirika la Raising Voices la Uganda una hatua 6 na huchukua takriban miezi 18. Nguvu yake ni kushirikisha shule nzima, wazazi wakiwemo. Semina ya mwalimu mmojammoja haifui dafu. Utafiti wa shule 42 za msingi wilayani Luwero, uliochapishwa 2015, ulikuta kwamba katika shule zilizotumia mfumo huu, wanafunzi 31% waliripoti ukatili wa kimwili wa watumishi wa shule wiki iliyotangulia, dhidi ya 49% katika shule zisizoutumia. Bado ni wengi mno! Kiboko kikipigwa marufuku kabla walimu hawajazoea njia mbadala, hurudi kimyakimya. Adhabu iendane na kosa: aliyechora dawati alisugue mwenyewe, si kupigishwa magoti juani huku kipindi kikimpita.