Ukiiambia "Enhe", Inanyamaza

Hamjambo wote, karibuni tena. Leo niko Kisumu, hapa Kondele, kwa nyanya yangu. Roboti mnayoiona mezani nimekaa nayo wiki tatu, kampuni siitaji. Sauti yake safi, chaji inakaa siku nzima. Hayo tuyapite. Nataka mwone inavyomchukulia mtu anayeisikiliza.

Tazameni. Nimeiomba imsimulie nyanya hadithi ya sungura na fisi. Nyanya anachambua mboga, sinia iko mapajani, na fisi anapofika kisimani anaitikia, "Enhe!" Mmeona? Imekata neno katikati, taa imegeuka bluu, inauliza, "Nikusaidie nini?" Nyanya ameniangalia: "Mjukuu wangu, mbona imenyamaza? Si nimeiambia iendelee?"

Hapo ndipo penye shida. Roboti hii ikisikia sauti yoyote, inadhani imekatizwa. Lakini "enhe", "mmh", "ehee" maana yake ni: niko nawe, songa mbele. Mwanaisimu Victor Yngve aliandika kuhusu viitikio hivi mwaka 1970. Na sisi tuliolelewa na "Paukwa!" "Pakawa!" tunajua hadithi haianzi mpaka msikilizaji aitike.

Kimya nacho kinaisumbua. Watu tukipokezana maneno, pengo kwa wastani ni kama milisekunde 200 tu. Utafiti wa mwaka 2009 ulipima lugha 10 ukakuta zote zinakaribiana hapo. Tunawahi kwa sababu tunabashiri mwenzetu anamalizia wapi. Hii haibashiri, inangoja kimya tu. Jana nyanya alitua kidogo akitafuta jina la shemeji yake, ikamdakia. Akatua tena, ikamdakia tena. Akaliacha lile jina, akarudi kwenye mboga zake. Iliniuma sana.

Na si kwamba haiwezekani. Mwaka 2024 maabara ya Kyutai, Paris, ilionyesha Moshi, programu inayosikiliza huku inaongea.

Nitaisifu kwa kamera: anayeongea inamgeukia, na nyanya akienda jikoni inamngoja arudi.

Ukienda dukani, usiiulize hali ya hewa. Iombe hadithi, ikifika sentensi ya tatu sema "enhe", utazame itafanya nini. Kisha anza kuongea, utue kidogo katikati. Yangu nairudisha Jumatatu, risiti ninayo.