Uzito wa chini au makundi ya uzito?

Katika mbio za farasi za masafa marefu, njia ya kwanza ya kusawazisha wapandaji wepesi na wazito ni kuweka kiwango cha chini: mpandaji na tandiko lake wafikie, tuseme, kilo 75, na anayepungukiwa abebe risasi, yaani vipande vya metali nzito vya kufidia uzito. Mizani haina ubishi, na mshindi ni mmoja. Kasoro iko kwenye ile risasi. Ni uzito mfu: mpandaji huinuka na kuyumba na mwendo wa farasi, vipande vya risasi havifanyi hivyo. Vikirundikwa nyuma ya tandiko hukandamiza kiuno, na baada ya kilomita 80 daktari wa mifugo anapopapasa mgongo, farasi hushtuka. Vigawe sawasawa kushoto na kulia, karibu na mbele ya tandiko, vifungwe visicheze. Pia acha ziada ya kilo moja au mbili, kwa kuwa mpandaji hupungua kwa jasho na mizani ya mwisho haisamehe.

Njia ya pili ni makundi, kama yalivyo katika AERC, chama cha mbio hizi cha Marekani: hadi pauni 160 pamoja na vifaa (takriban kilo 73), 161–185, 186–210, na 211 kwenda juu. Hakuna risasi. Ila washiriki wakiwa wachache, kundi hubaki na mtu mmoja “anayeshinda”, na anayemaliza wa kwanza kwa jumla bado anaweza kuwa mwepesi.

Kwangu makundi yana haki zaidi kwa farasi. Kwa ubingwa wenye taji moja, kiwango cha chini.